Mashine ya Mioyo Minane

Vagheni hukata filamu za harusi sebuleni kwa mama yake, Butembo. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ikitafuna siku nzima kwa harusi moja, basi akaiuza, akaleta nyingine. Kosa lake ni kwamba alieleza. Kifaransa huita moyo kila kiini cha kompyuta kinachofanya hesabu, naye Vagheni hutafsiri kwa uaminifu.

"Mama, hii iko na mioyo munane."

Mama Kavugho, shemasi wa kanisa, aliacha kumenya viazi.

"Mutu wa mioyo mbili tunamufukuzaka mu chorale ya kanisa. Weye unaniletea ya munane mu salon?"

"Ni mioyo ya kutumika kazi tu, Mama. Hapana ya kudanganya."

"Ata bale ba mbili banasemaka vile. Kesho irudie kwenye ilitoka."

Filamu ya Onésime na Joyeuse ilikuwa imeahidiwa Jumapili, na ukoo wa bibi harusi haukuwa wa kuelezwa habari za mitambo. Vagheni akaona heri mama aitazame mashine ikiwa kazini. Akaiwasha, akafungua programu yake ya kukatia, kisha akamwonyesha kwenye kioo vijistari vinane, kila moyo na wake. Kimoja kiliruka hadi juu. Saba vililala chini, vimetulia kabisa.

Mama Kavugho alivaa miwani.

"Huyu moya analima. Bale saba banafanya nini?"

"Banangojea. Programu ni ya zamani, haijue kugawa kazi."

"Donc ni comité!"

Woga ukamtoka pale pale. Shetani hakumjua kwa sura, lakini kamati alikuwa amekaa ndani yake maisha yake yote. Alichoshindwa kuvumilia ni watu kusimama kando ya shamba.

"Bagawie! Kila moya na mustari yake!"

Vagheni akafungua programu mpya, ambayo alikuwa akiikwepa kwa uvivu wa kujifunza. Vijistari vyote vinane vikapanda pamoja, na kwenye kioo bibi harusi Joyeuse akaanza kuingia kanisani bila kukwama mlangoni.

"Haya, ibakie," alisema mama. "Inatumika."

Furaha ikamlegeza Vagheni ulimi. "Na bado, Mama! Mashine za nyumbani zitakuya na mioyo makumi tatu."

"Zote na kazi?"

"Mais… ata benye kuzitengeneza bangali banatafuta kazi ya kuzipa."

"Makumi tatu bila kazi?" Mama Kavugho alivua miwani. "Hiyo utapelekea dada yako kule Beni. Mimi sitapikia bote bale."