Kuta Zilizokomea Madirishani

Kazi ya ujenzi ilikuwa imekauka kwetu Busia, upande wa Kenya, wakati wanajeshi wanatawala Uganda. Kwa hiyo Haji Sadiki, mwenye malori kule Tororo, aliponitumia ujumbe kwamba anataka kujengewa ghala, sikusita. Nilifunga mwiko na timazi kwenye baiskeli. Mke wangu, Nafula, aliniambia tu, "Ukiona mambo hayaeleweki, rudi."

Asubuhi nilivuka mpaka. Askari wa kizuizi cha barabarani alipekua mfuko wangu, akaining'iniza timazi kwa uzi wake.

"Hii nini?"

"Ya kupimia ukuta, afande."

Alicheka. "Nani najenga siku hizi?"

Saa sita niliingia Tororo, nikakielewa kicheko chake. Mtaa mzima kuta zilikuwa zimekomea madirishani. Mipapai ilikuwa imeota ndani ya vyumba, ikazaa. Haji alinikaribisha chai isiyo na sukari.

"Haji, umesikia habari gani njema hata ukaamua kujenga?"

"Hakuna kitu nasikia, fundi. Nachoka kungoja, basi."

Siku ya kwanza ya kazi, watu walisimama ng'ambo ya barabara. Hawakusalimu. Waliitazama mikono yangu ikipanga matofali mpaka jua likageuka. Mwishowe muuza nguo mmoja alinisogelea.

"Haji anajua nini?"

"Hajui kitu."

Akatabasamu kama mtu anayejua kwamba anafichwa siri.

Siku ya pili niliamshwa na mapanga na nyundo. Muuza nguo alikuwa anafyeka mipapai yake. Kufikia adhuhuri watu waligombea matofali, na watatu walikuja kuniomba niwajengee nikimaliza. Haji alibaki ameshika kiuno, akicheka kwa mshangao.

Siku ya tatu, saa nne hivi, gari dogo jeupe lilikuja polepole, likasimama mbele yetu. Mwanamume aliyevaa kiraia akateremsha kioo.

"Ya nani hii?"

"Ya Haji Sadiki."

"Nzuri," akasema kwa upole, akaenda zake. Hatukumwona tena.

Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia udongo ukidondoka kutoka kwenye mwiko wangu. Haji alitoka nje.

"Wacha, fundi."

"Lakini amesema ni nzuri."

"Ndiyo maana nasema wacha."

Alasiri nilishika njia ya kurudi. Matofali mapya yalikuwa yamelazwa chini ya majani ya migomba, na wenyewe walikaa milangoni.

Nyumbani niliwakuta majirani uani wakinisubiri. Mmoja, Wandera, alikuwa amenunua mabati ya kuezekea duka karibu na mpaka.

"Umeona nini huko?"

"Sikuona kitu," nikajibu, na ilikuwa kweli. Wakatazamana.

Safari ile ilinifunza kwamba mtu hujenga au huacha kwa yale anayodhani mwenzake anayajua. Asubuhi yake nilimkuta Wandera akipakia mabati kwenye mkokoteni, ayarudishe alikoyanunua. Nikamwapia kwamba sifichi lolote. Alinishika bega, akaniambia pole, akaendelea kukaza kamba.