Ndugu Asiyekula Senene

Sokoni Nkwenda, Evangelina wanamwita Mama Ngoja-Kwanza, na jina limemkaa. Maharage ya biashara yake huyauma kabla ya kuyanunua, na mizani ya mtu huijaribu kwa jiwe lake mwenyewe analotembea nalo kwenye mkoba. Wenzake humcheka, lakini hakuna aliyewahi kumpunja.

Basi mdogo wake Cleophace alipomwita nyumbani Nyakakika, akamwomba pesa ya mguu wa mama wakaiweke kwenye sarafu za mtandaoni, weee! Pesa hiyo Evangelina aliikusanya kwa jasho lake, iko kwenye simu yake, na mama yao anasubiri kupasuliwa mguu hospitali ya Nyakahanga. Hata chooni haendi mpaka ashikwe mkono.

"Majukwaa ya kununulia hizo sarafu ni mengi," Evangelina alisema. "Hili umelichagua kwa lipi?"

"Wakala wake ni wa ukoo wetu, dada. Byarugaba. Mnyambo kabisa, hali pongo kama sisi."

Hapo ndipo tunapoponzeka watu wa huku. Wenzetu huuliza leseni, sisi tunauliza mwiko wa ukoo. Mtu akisema hali mnyama tusiyemla, tunampa kiti, tunampa chakula, na pochi tunamwachia ashike. Hata Evangelina, uongo wa nini, moyo ulimlegea kidogo. Alipiga simu, akaweka spika.

Byarugaba alisalimia kwa Kinyambo kitamu. Ofisi iko wapi? Dar es Salaam, mtaa atautuma. Leseni? Ipo, ataituma. Na mtu akitaka kutoa pesa yake?

"Dakika hiyo hiyo, dada yangu!"

Kila jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mtu mkweli hukwama walau mara moja, Evangelina aliwaza.

"Ndugu yangu, na huko kwenu bado mnaushika ule mwiko wetu mwingine? Wa senene?"

"Senene? Mungu apishe mbali! Tangu nizaliwe sijawaonja."

Cleophace alikodoa macho. Msimu uliopita walikaanga senene sufuria nzima, na mama akaikomba. Evangelina alikata simu, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Ndugu gani huyo! Ningemwambia hatuli ndizi angekubali! Na pongo nani alimwambia?"

"Mimi," Cleophace alisema taratibu. "Aliniuliza mwiko wetu kwanza, ndipo akasema na wake ni huo huo."

"Ulimpa nini kingine?"

Cleophace aligeuka akatazama nje, kahawa yake ilikochanua nyeupe mpaka kwenye migomba.

"Cleo."

"Niliiuza butura, dada. Ingali maua. Pesa yote nikamtumia. Nilitaka hii ya mama izae, niikomboe kahawa kabla hujajua."

Kicheko kilimkauka Evangelina. Baba yao naye aliuza kahawa ikiwa maua, mwaka hadi mwaka, kwa bei ya kutupa, mpaka akazikwa bila akiba. Ndiyo maana leo mguu wa mama unategemea faida ya maharage. Alitamani kumzaba mdogo wake kofi, alitamani kumkumbatia, na hakufanya hata moja.

Chumbani mama aliita. Harufu ya maua ilimfikia kitandani, akataka kujua kahawa ya mwaka huu ikoje.

"Imechanua vizuri, mama," Cleophace alijibu, akaanza kulia.