Uduvi Waliosafisha Kioo

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1999, tulipoteza uduvi wote wa baba pamoja na samaki wake wanne. Baba mwenyewe alikuwa amepotea miezi saba kabla ya hapo. Ninaanza na uduvi kwa sababu siku yao naijua. Ya baba siijui mpaka leo.

Nisingeyaandika haya kama nisingekwenda Kigali mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa shangazi. Mlangoni pa ukumbi paliwekwa kioo kikubwa cha maji ya chumvi, chenye mawe ya bahari na samaki wa rangi ambazo hata vitenge vya wageni havikuwa nazo. Watu waliwapiga picha samaki. Mimi niliinama nikatazama mawe, na pale nikaona vidudu vidogo, vimepinda mgongo, vinatambaa ubavuubavu huku vikila ukijani. Kijana anayetunza kioo kile alikuja na ndoo yake. Akaniambia vinaitwa amfipodi, na kwamba wageni wengi hudhani ni uchafu, kumbe ndio wanaomfanyia kazi: wanakula mwani, wanakula mabaki ya chakula kabla hayajaoza, na mawe yakiwa na matundu wanazaana bila kuombwa. Nikamwambia kwamba siku akiona wamepungua asiwalaumu samaki kwanza, aangalie maji. Akanitazama upya, mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vinavyombana.

"Maman, hii kazi ulijifunza wapi?"

Nikamjibu kwamba nilijifunza Mururu, kilimani, mbali na bahari. Akacheka, akidhani namtania.

Sikumtania. Shule niliiacha mapema, na mambo mengi nayajua nusunusu. Lakini jambo hili nalijua lote.

Baba alizaliwa Uvira, mtoto wa Wanyarwanda waliokimbia zamani. Kazi yake huko ilikuwa kuzamia kwenye mawe ya ziwa Tanganyika na kukamata samaki wadogo wa mapambo, kwa ajili ya tajiri aliyewapeleka Ulaya kwa ndege. Tuliporudi Rwanda baada ya vita, nikiwa na miaka sita, wenzetu ndani ya lori walibeba vyerehani, magodoro na masufuria. Baba alibeba godoro pia, lakini ndani ya godoro alikuwa amefunga kioo. Njia nzima alikikumbatia. Samaki na uduvi walisafiri kwenye bidoni, dumu la njano lililotobolewa kifuniko, na koko aliishikilia kati ya magoti yake. Koko ndivyo tulivyomwita mama yake baba, kama watu wote waliotoka ng'ambo.

Tulipewa nyumba Mururu, kilimani, pale ambapo ukisimama uani unaona mto Rusizi chini na milima ya Kongo mbele yako. Nyaya za umeme zilipita juu ya bati letu zikienda kwa wengine. Kwa hiyo kioo chetu hakikuwa na mashine ya kupuliza hewa. Mashine nilikuwa mimi. Kila asubuhi na kila jioni nilichota maji ya kioo kwa kikombe cha plastiki, nikayamwaga tena kutoka juu, yaanguke na povu. Mara mia moja. Baba alisema maji yasiyoanguka hayana pumzi.

Kioo kilikaa sebuleni, upande wa dirisha, ili jua la asubuhi likipitie. Jua lilileta ukijani, na ukijani ndio ulikuwa shamba la uduvi. Walikuwa wadogo kama punje ya mchele, wa kupenya macho. Ungeona nyuma yao jiwe, na ndani yao chakula walichokula. Mikono yao ya mbele haikupumzika. Ilichokonoa jiwe na kupeleka mdomoni, kama wanawake wanaochuma mboga kwa haraka kabla ya mvua. Ukinyamaza sana, ukaweka uso karibu na kioo, harufu ya maji yale ilikuwa kama ya jiwe la mtoni lililoanza kukauka.

Baba alikuwa na sheria. Kioo cha mbele tufute kwa kitambaa kisicho na sabuni, lakini cha nyuma tusikiguse, ni chakula chao. Samaki walishwe kidogo, washindwe kushiba, kwa sababu mabaki yakizidi hata wafanyakazi huchoka. Pembeni alirundika kokoto zenye nafasi ndogondogo, ambamo samaki hawakuweza kupenya, ili uduvi wenye mayai wajifiche. Jirani yetu, fundi wa nguo aliyerudi kutoka Bukavu, aliliita rundo lile kambi ya bakimbizi. Sote tulicheka, kwa kuwa kila mtu aliyecheka alikuwa amekaa kambini.

Fundi huyo ndiye aliyemtania baba kuliko wote. Alikuwa akiingia na futi shingoni, anasimama mbele ya kioo na kutikisa kichwa. Watu wanafugaka mbuzi, alisema, weye unafuga mende ya maji. Baba akamuuliza kama mbuzi wake amewahi kumsafishia nyumba. Koko naye siku za kwanza aliuliza kwa nini hatuwakaangi pamoja na sambaza, dagaa wa Kivu, maana huko Uvira uduvi uliliwa na ugali bila maswali.

Maji tuliyateka mtoni. Baba alinieleza kwamba Kivu inamwaga maji yake kwenye Rusizi, na Rusizi inayapeleka mpaka Tanganyika. Kwa hiyo uduvi hawa, alisema, walikuwa wakinywa maji ya huku kwetu Cyangugu tangu zamani, yaliwafikia yamechelewa tu. Maji mapya yalilala siku moja ndani ya bidoni kabla ya kuingia kwenye kioo, na tulibadilisha robo tu. Kiumbe cha maji, alisema, hakihami nyumba yote kwa siku moja.

Mwisho wa mwezi wa saba, mwaka wa 1998, uduvi walikuwa wamepungua. Kulikuwa na baridi ya kiangazi, na wenye mayai walionekana wachache. Baba akachukua bidoni ya njano akavuka daraja kwenda Uvira kuleta wengine. Alisema wiki mbili. Nisiseme uongo, safari yenyewe ndiyo hiyo: hakwenda kwa mgonjwa wala msiba, alikwenda kuleta uduvi. Siku chache baadaye vita vya pili vikaanza kule, mpaka ukafungwa, na habari zilizotufikia zilikuwa za watu wengine.

Tangu hapo koko hakutania tena vidudu. Aliacha jembe, akasogeza kiti chake karibu na dirisha, na akawa wa kwanza kuamka ili awatazame. Waliobaki, wale wachache, walianza kuzaana tena joto liliporudi. Kufika Noeli kokoto zote zilikuwa zinatembea. Koko hakusema kwamba uhai wao ni uhai wa mwanawe, lakini sote tulimwelewa. Mpaka ulipofunguliwa, mama aliuliza watu waliotoka Uvira, na kila aliyeulizwa alitazama chini. Mama alitaka tuketi matanga. Alisema kwa upole kwamba mwanamke hawezi kukaa si mke, si mjane. Koko alimjibu kila mara kwa maneno yale yale, huku akionyesha kioo kwa kidevu:

"Maman, nyumba yake ingali inasafishwa. Mutu anafagiliwaka nyumba, halafu munamulilia?"

Mama alirudi kwenye moto. Nilimwona akivunja kuni ndogo ambazo hazikuhitaji kuvunjwa.

Mwezi wa tatu zikaja habari za kipindupindu. Mwalimu wetu alitufundisha asubuhi nzima juu ya dawa ya maji: kifuniko kimoja kwa bidoni moja, koroga, subiri nusu saa. Alitaka turudie kwa sauti. Maji yote yaliyokaa ndani ya nyumba, alisema, maji yote. Kila mtoto alirudi na kichupa. Mimi nilikuwa mwanafunzi anayesikia. Nyumbani niliweka dawa kwenye bidoni ya kunywa, kwenye pipa la kuogea, na asubuhi ya Jumanne, kabla ya kwenda shule, kwenye kioo. Kilikuwa kinajaa bidoni tano. Nilipima vifuniko vitano, kimoja kimoja, na nikakoroga kwa kikombe mara mia moja. Nilifikiri kipindupindu kingewapata pia. Sikuuliza mtu. Koko alikuwa uani anaosha uso.

Niliporudi saa sita uduvi hawakuwa wa kupenya macho tena. Walikuwa weupe, wamelala juu ya kokoto kama wali uliomwagika. Samaki walikuwa juu, ubavu juu. Koko alikuwa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Alimwambia mama, bila kugeuka, aite watu wa matanga. Mama alikaa chini pale pale mlangoni akalia, na nilijua kilikuwa kilio cha tangu mwezi wa nane.

Fundi alikuja, akatazama, na jioni ile kilima kizima kilijua kwamba vidudu vya mzamiaji vimeleta habari ya kifo chake. Wengine walisema wameona mambo kama hayo. Mabenchi ya kanisa yaliombwa. Wanawake wakaleta maharage na ndizi, urwagwa, pombe ya ndizi, ukaletwa kutoka Gitambi. Mimi nilikaa na jambo langu Jumatano na Alhamisi. Nikinyamaza, baba yangu angezikwa kwa dawa niliyoimwaga mimi. Nikisema, koko angerudi kwenye kiti chake kungoja, na mama kwenye kuni zake. Nilikuwa na miaka kumi. Sijawahi tena kubeba kitu kizito kama kile, na nimebeba mengi.

Leo hakuna kilichobaki cha kuonyesha. Kioo kilipasuka tulipohama, nyumba ya Mururu ina watu wengine, na wanasema sasa umeme unaingia ndani. Fundi alirudi Bukavu. Koko amelala kwenye makaburi ya parokia, na mama yuko karibu naye. Watoto wangu wanajua kuogelea lakini hawajui uduvi hai. Ninachoweza kuwapa ni namna ya kuwatunza, kama nilivyoieleza hapa, na siku mbili zilizofuata.

Ijumaa asubuhi nilimkuta koko jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa mbele yake nikachambua pamoja naye. Kisha nikamwambia. Nilimwambia vifuniko vitano, nikamwambia mwalimu alisema nini, nikamwambia uduvi hawakufa kwa sababu baba amekufa, ni mimi niliyewaua.

Vidole vyake havikusimama.

"Nilijua," alisema. "Maji ilikuwa inanuka dawa tangu ku mulango. Mimi nilikaa ku kambi ngapi, sijue dawa ya maji?"

Nikamuuliza kwa nini basi aliita watu. Alitoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa nje.

"Nilichoka, mujukuu wangu. Nilikuwa nangoja kitu iniambie, mpaka nikachoka. Hakuna iliniambia. Na mama yako bado kijana, angengoja na mimi mpaka lini?"

Hakunikemea, wala hakunikumbatia. Alinisogezea ungo na kuniambia nichague vizuri, wageni wasije kuvunja meno.

Jumamosi watu walijaa uani mpaka kwenye migomba. Kwetu, katika matanga, kabla ya sala, mtu wa nyumba husimama na kueleza marehemu alikufaje: aliugua lini, alipelekwa wapi, alisema nini mwisho. Wote walijua koko atasema nini. Fundi alikuwa amekaa mbele, tayari kuitikia. Mimi nilikuwa nyuma ya mama, nimeshika ncha ya kitenge chake.

Koko alisimama bila fimbo. Alisema mwanawe alikuwa mtu wa maji, mpole, mwenye kucheka, na alivuka daraja mwisho wa mwezi wa saba.

"Musiseme tena bidudu iliniambia," alisema. "Bidudu haisemake. Mutoto wangu alienda Uvira, hakurudi. Siku sijui, pahali sijui. Hakuna mutu aliniambia amekufa. Ni mimi mama yake nimesema, ili muke wake alie, alale."

Fundi alitazama viatu vyake. Koko alibaki amesimama, kama anayesubiri mtu abishe. Ndipo mama akainuka, akapita katikati ya wanawake, akamshika koko mkono, wakaketi pamoja kwenye mkeka mmoja, na katekista akaanza sala.