Kaye ya Baba

Kila ninapopasua yai lililooza, kabla hata sijaziba pua, naona mlima. Naona mvuke mweupe ukipanda kati ya mawe, mama yangu amekaa pembeni amenuna, na baba yangu amechuchumaa, anaandika. Wajukuu hunicheka, wanasema bibi amesimama tena na yai mkononi. Sijawahi kuwaeleza sababu. Ninyi nitawaeleza, kwa kuwa hamnioni usoni.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye depo ya pamba hapo Uvira. Babu yake ndiye aliyefika kando ya ziwa na biashara, zamani sana, akaoa, akazaa na kuzikwa hapo hapo. Lakini mtaani bado tuliitwa watu wa kuya, yaani waliokuja tu. Uhuru ulipofika na Wazungu wakafunga masanduku, watu wengine walikimbilia nyumba walizoacha, wengine viti vyao vya ofisini. Baba alitaka kitu ambacho hakuna aliyekigombania: kutembea. Kila Jumapili asubuhi alituchukua, mama, mimi Zaina na mdogo wangu Sakina, tukaone fasi, yaani mahali, zilizokuwa karibu na kwetu ambazo hakuna aliyejisumbua kuziangalia. Tulikwenda plaji ya Wazungu, ufuko wao wa kuogelea, ambako mtu mweusi alikuwa anaingia na ufagio tu. Tulikwenda kwenye korongo la mto nyuma ya mji, na kuona viboko pale mto Ruzizi unapoingia ziwani. Njiani alihesabu hatua kwa sauti, na tulipofika alitoa kaye yake, daftari la jalada la buluu, akaandika.

Mama alizichukia safari hizo, na hakuficha.

"Tunatembea tangu asubuhi kwenda kuangalia mayi ya muto," alimwambia siku moja, "na nyuma ya nyumba yetu kuko ziwa nzima. Weye kichwa yako iko sawa?"

Baba aliendelea kuhesabu hatua. Hesabu hiyo ilimuudhi mama kuliko jibu lolote, na siku hiyo aligoma kula. Alikuwa amebeba ndagala, dagaa wa ziwani, na bugali tangu nyumbani, akatugawia wote, halafu akafunga sahani yake kwa kitambaa na kugeuza mgongo.

Safari ya mwisho ilikuwa ile ya maji ya moto. Tulipanda lori la pamba mpaka Runingu, kisha tukashika njia ya miguu kuelekea milimani. Harufu ya yai lililooza ilitufikia kabla ya maji. Sakina alidhani ni mimi, nami nikadhani ni yeye, tukaanza kupigana. Pale mawe yalikuwa ya manjano, na kati yake maji yalichemka taratibu kama uji. Wanawake watano walikuwa wamekaa ndani mpaka kiunoni, wanajitibu mgongo na magoti. Baba aligeuka pembeni kwa heshima, akasalimia, kisha akachuchumaa na kufungua kaye.

Mwanamke mmoja mnene alivuta kitenge chake, akasimama.

"Weye, unaandika nini?"

"Ninaandika hii mayi, mama. Nataka watoto wajue."

"Mayi inaandikwaga? Muzungu naye alianza vile. Aliandika shamba ya baba yangu, na kisha ikakuwa yake. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Minye ni muntu wa Uvira."

"Wa Uvira! Watu wa kuya! Mutoke hapa!"

Alichota tope, akarusha. Wengine nao wakarusha. Tope lile lilikuwa la moto, na bonge moja lilinipiga sikioni, likashuka mpaka kwenye gauni langu la Idi, gauni pekee nililokuwa nalipenda. Nililia kwa sauti kubwa. Nikasema nataka kurudi kwetu, hapa si kwetu, kwa nini ametuleta kwa watu hawa. Baba alinigeukia na kunipiga kofi kwenye sikio hilohilo. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, na alinipiga mbele ya wale wanawake waliokuwa wakicheka.

"Nyamaza! Hapa ni kwenu!"

Nilimchukia. Sipunguzi neno. Njia nzima nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake, nikiomba ajikwae.

Uasi dhidi ya serikali mpya ulitukuta mimi nikiwa na miaka kumi. Vijana walishuka kutoka milimani wakiwa na majani kichwani na mikuki mikononi, wakasema wamenyunyiziwa mayi, maji ya dawa, risasi haiwapati. Kaka wa rafiki yangu Feza alijiunga nao, na Feza akawa mtu mkubwa pale mtoni tulipokuwa tunafua. Wasichana walimzunguka. Siku moja nilipotaka kukaa karibu naye, alinisukuma kwa kiwiko.

"Weye hapana. Watu wa kwenu hawawezi kuingia mu vita. Munye ni watu wa kuya."

Nikasema, "Baba yangu anajua njia zote za huku. Ameziandika mu kaye, hatua kwa hatua."

Wakaacha kufua, wakaniangalia. Feza alinipisha kwenye jiwe lake. Nami nikaongeza, kwa sababu sikio langu lilikuwa bado linakumbuka, "Sijui anamuandikia nani."

Waasi walikuja kesho yake asubuhi, baba akinywa chai. Walipekua godoro, wakapata kaye, wakamfunga mikono kwa kamba na kumpeleka kwenye uwanja wa depo. Mama hakulia. Alivaa kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, akatushika mkono mimi na Sakina, akawafuata.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba aliyesoma kidogo. Baba alipigishwa magoti mbele yake. Kijana alifungua kaye, akaanza kusoma kwa sauti, polepole.

"Toka daraja mpaka njia ya mlima, hatua mia nane." Akainua macho. "Unasikia? Hii ni kazi ya mupelelezi."

Mtu mmoja nyuma yangu alisema wammalize tu. Kijana aliendelea kusoma.

"Mayi inatoka kushoto. Mama Zaina amekataa kula. Hasemi na minye."

Akafungua ukurasa mwingine.

"Korongo. Hatua mia sita. Mama Zaina anasema minye ni mupumbavu. Ana kitenge cha kijani, kinamupendeza." Akafungua mwingine. "Viboko tatu. Mama Zaina bado amenuna."

Vicheko vilianzia upande wa wenye mikuki, vikaenea uwanja mzima. Kijana mwenyewe alijizuia, akashindwa.

"Bibi yake iko wapi?"

"Minye," mama alisema, akapiga hatua mbele. "Na ni mupumbavu kweli. Kama munamuua, munaua mupumbavu."

Hawakumuua. Walichoma kaye palepale, kisha wakamlaza chini na kumpiga fimbo za magoti, ili asihesabu hatua tena. Tulimrudisha nyumbani mgongoni mwa mama. Tangu hapo hakuweza kutembea kupita msikitini.

Jioni hiyo mama aliuliza, akiniangalia mimi, "Nani aliwaambia juu ya kaye?"

"Minye mwenyewe," baba akasema. "Nilijisifu kazini."

Hata bila kujua ukweli ningejua ni uongo, kwa sababu depo ilikuwa imefungwa tangu uasi uanze. Baba hakunipiga wala kunigombeza. Lakini hakunishika tena mkono, hata siku ya Idi, na mimi sikuuomba.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba zilikuwa hasira za mtoto aliyepigwa kofi. Nilikuwa mama wa watoto watatu nilipokubali kwamba hasira ilikuwa ndogo. Nilitaka lile jiwe la Feza. Baba alitaka tuwe wenyeji kwa kuijua nchi. Mimi nilitaka kuwa mwenyeji siku hiyohiyo, nikamtoa yeye kuwa malipo.

Nilikwenda kumwambia alipokuwa mzee, amelala, macho yamefifia. Nilisema, "Baba, ile habari ya kaye..."

Aliinua mkono kunizuia.

"Ninajua tangu siku ile," akasema. "Lakini usiniambie. Usiposema, bado inawezekana nimekosea."

Nikamvutia shuka hadi kifuani. Alizikwa wiki iliyofuata, bila kusikia kutoka kinywani mwangu.