Rufaa Aliyoshinda Baba Tekla

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya uwakili mjini Masasi sikupewa kiti. Wakili Kiongozi, mtu wa maneno machache aliyenitangulia kusoma shule ya Chidya, alinikabidhi jalada la kesi ya wizi pamoja na penseli nyekundu, akaniamuru nifute kila jambo ambalo shahidi hakuliona kwa macho yake mwenyewe. Niliifanya kazi hiyo nikiwa nimesimama hadi adhuhuri.

"Kimebaki nini?" akaniuliza.

"Jina la mshtakiwa, Mheshimiwa, na mahali alipokamatwa."

"Na mwenyewe yuko ndani. Haya, kaa, tuanze kazi."

Huyo ndiye aliyenifundisha rufaa. Kwa wasiojua, rufaa si kesi kuanza upya. Kwa kawaida mashahidi hawaitwi tena. Jaji husoma mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa katika mahakama ya chini, kisha hupima kama hakimu alikosea kwa zile sababu anazozitaja mrufani. Kutoka Masasi nilihamia Mtwara, chini ya Wakili Mwandamizi aliyechukia hotuba ndefu kuliko alivyochukia kushindwa. Hatimaye nilifungua ofisi yangu Newala, na huko ndiko nilikostaafia. Mawakili vijana huniuliza nilishinda rufaa ngapi. Nitawasimulia moja, ile iliyonichosha.

Baba Tekla alikuwa mwalimu wa dini katika kijiji kisicho mbali na Chilangala. Nyumba yake ilikuwa kando ya barabara, na kila msimu wa korosho wakulima kutoka mabondeni waliacha magunia yao barazani kwake wakisubiri gari la kwenda ghalani. Kwetu sisi, anayetunza mzigo wa mpita njia haufungui, wala hamhoji mwenyewe. Tena mtu mwingine akiuliza ni wa nani, mwenye nyumba hujibu kwamba ni wake, ili asiyehusika asiutie mkono. Mwenye mzigo hurudi, hushukuru, huondoka nao. Tumeishi hivyo tangu enzi za babu zetu.

Siku moja polisi walifika na kuuliza gunia moja lililokuwa barazani ni la nani; naye alijibu kama ambavyo baba yake angejibu: "La kwangu." Walipolimwaga, chini ya korosho kulikuwa na bhangi. Hapo ndipo aliposema ukweli, kwamba liliachwa na mtu aliyedai kutoka Chiwata, ambaye jina hakumuuliza. Hakuna aliyemsikiliza. Alishtakiwa kwa kupatikana na dawa za kulevya, na pia kwa kuziuza.

Hakuwa na wakili. Hakimu, mgeni katika uwanda huu, alimuuliza ni mtu gani mwenye akili timamu atunzaye mzigo wa asiyemjua hata jina. Ama kuhusu kuuza, shahidi alikuwa mmoja tu, jirani, aliyeeleza kwamba "watu wanasema" vijana walipita pale mara kwa mara jioni. Vijana hao walikuwa wanakwaya. Nami sisemi haya kwa kuambiwa. Nimeyasoma katika mwenendo. Alifungwa kifungo kirefu kwa makosa yote mawili.

Mkewe, Mama Tekla, alinijia akiomba tukate rufaa. Nilimfuata mumewe gerezani.

"Shikamoo, nang'olo," alisema, akiniita mzee kwa Kimakonde. "Nakuomba uanze na hilo la kuuza. Nimewafundisha watoto wa kijiji amri za Mungu. Jaji aseme kwamba sikuuza. Mengine yafuate."

Nilimweleza nilichokiona. Askari aliyeitunza bhangi kituoni hakuitwa kutoa ushahidi, wala haikuelezwa nani aliipeleka kwa mkemia. Sisi tunaita jambo hili mnyororo wa utunzaji wa kielelezo: kila mkono ulioshika kitu lazima ujulikane, la sivyo mahakama haiwezi kuwa na hakika kwamba kilichopimwa ndicho kilichokamatwa.

"Hii ndiyo itakayokutoa," nilimwambia.

"Itanitoa wapi?"

"Gerezani."

"Mama Tekla analima peke yake," akasema. "Haya, ipange unavyojua."

Niliweka kielelezo mbele. Nyuma yake niliweka sababu ya umiliki, ambao kisheria hautimii pasipo mtu kujua anachokishika, na hapo nikaieleza desturi yetu. Mwishoni nikaweka zile tetesi za kuuza. Nilizitetea zote kwa nguvu ileile. Wakili wa Serikali, binti mwadilifu, alikiri kwamba mnyororo ulikuwa umekatika. Jaji akaandika kuwa sababu ya kwanza inatosha kuimaliza rufaa, hivyo hakuona haja ya kujadili zilizobaki. Hukumu ikafutwa, mrufani akaachiwa huru. Mama Tekla alipiga vigelegele mpaka karani akamtoa nje.

Baba Tekla alipoomba kurudi kufundisha, wazee wa kanisa walitaka kusomewa hukumu. Niliwasomea mimi mwenyewe.

"Kwa hiyo bhangi ilikuwapo," alisema mmoja wao, "ila polisi walikosea kuitunza."

Nilimjibu kwamba kisheria mtu huyu hana hatia.

"Hatubishi, Wakili. Sisi tunauliza, aliuza?"

"Hakuna ushahidi kwamba aliuza."

"Jaji amesema hakuuza?"

Sikuweza kusema uongo. Nafasi ile ikapewa mtu mwingine.

Sasa nimestaafu, na nawaandikia ninyi mnaoanza. Sijuti kupanga sababu vile nilivyozipanga. Yeyote atakayeanza na iliyo dhaifu ili kumfurahisha mteja asijiite wakili. Lakini msidanganywe na neno ushindi. Tetesi niliyofundishwa kuifuta kwa penseli haikuhitaji kiapo wala shahidi kuingia kila nyumba ya kijiji kile, na hakuna hukumu niliyowahi kuipata iliyoweza kuifuata huko.

Msimu uliopita nilipita kwa Baba Tekla. Baraza lilikuwa tupu, limefagiwa vizuri. Aliniletea kiti, akauliza habari za nyumbani, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo siku nyingi: kama juu ya jaji yule kuna mahakama nyingine anakoweza kukata rufaa.

Nilimweleza kwamba ipo, lakini sheria haimpi nafasi hiyo mtu aliyeshinda.