Kuni za Claudette Rancourt

Mwaka ule Claudette Rancourt hakuagiza kuni mpaka mwezi wa sita. Huku kwetu Vermont, mzee asiyeagiza kuni kufikia mwezi wa nne watu huanza kumpelekea pai, kwa sababu ama anahama ama anakufa. Kuni mbichi zinataka kiangazi kizima zikauke. Muuza kuni alimpigia simu mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa lilelile: "Nisubiri kidogo. Nami nasubiri watu wa Bunge."

Nikisikia hivyo damu ilikuwa inanichemka. Mimi niliendesha basi la shule ya mji wetu wa Wardley kwa miaka ishirini na sita, na Claudette alipika kwenye shule hiyohiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi nikishashusha watoto nilipitia mlango wa jikoni kunywa kahawa yake. Alikuwa na desturi moja: hakukuuliza hali. Aliangalia sahani yako baada ya kula, akajua kama umegombana na mkeo, kama mtoto anaumwa, kama mwalimu mkuu amepata barua mbaya. Mtu wa namna hiyo ndiye waliyemweka kwenye foleni miaka miwili.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika jimbo letu shule zinalishwa na kodi ya nyumba, na kodi ilikuwa inapanda kila mwaka. Mumewe Armand alikuwa amefariki, na Claudette alibaki na pensheni ya mpishi katika nyumba iliyojengwa na baba mkwe wake. Bunge la jimbo lilikuwa na muswada wa kuwapunguzia kodi wazee wenye kipato kidogo wanaoishi kwenye nyumba zao. Ukipita, atabaki. Usipopita, atahamia kwa mwanawe Neil, ng'ambo ya mto, New Hampshire, kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye dirisha dogo kama sinia. Alikuwa amekwisha kukiona hicho chumba. Alisema kinanuka sabuni ya kufulia.

Tatizo ni kwamba mabwana hao waliifunga nafuu hiyo kwenye kamba moja na mageuzi ya elimu. Muswada uleule ulitaka shule ndogo ziunganishwe. Yetu ilikuwa na watoto arobaini na saba. Ingefungwa, na watoto wa darasa la kwanza wangekaa kwenye basi dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, kwenye barabara ninazozijua mimi. Kwa hiyo mimi nilikuwa naupinga muswada ambao rafiki yangu alikuwa anauombea usiku na mchana. Tulikubaliana tusiuzungumze tukiwa tunakula.

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tatu ni mkutano wa mji, watu wote ukumbini mwa shule, na chakula cha mchana alipika Claudette kama kawaida: maharage ya kuoka na mkate mweusi. Mwakilishi wetu Dwight Thayer alisimama kutoa taarifa. Dwight huuza vipuri vya matrekta, na utoto wake wote alikula kwa mkono wa Claudette.

"Kamati bado inaupima muswada," alisema.

Claudette alitoa kichwa kwenye dirisha la jikoni, upawa mkononi. "Mmeupima tangu mwaka juzi, Dwight. Hata ng'ombe miezi tisa inamtosha kuzaa."

Ukumbi ukacheka, na Dwight naye akacheka huku masikio yamemwiva. Ndipo Marnie Pelkey, mama wa mapacha wa darasa la pili, akasimama.

"Bi Claudette, mimi nakuheshimu. Ila niambie, umewalisha watoto wetu miaka yote hiyo, leo unataka shule ifungwe ili wewe upate punguzo?"

Claudette aliuweka upawa chini.

"Sitaki ifungwe, Marnie. Si mimi niliyefunga mambo mawili kwenye kamba moja. Lakini usiniombe nihame nyumbani kwangu ili nikuridhishe."

Siku hiyo Marnie aliondoka bila kula. Jioni tukiosha masufuria, Claudette hakutaja kile kicheko cha ukumbi. Alisema tu, "Marnie hakuchukua hata kijiko."

Mwezi wa nne kamati ikawaita wananchi watoe maoni, dakika mbili kila mtu. Claudette aliandika maneno yake kwenye karatasi, akawa anayasoma jikoni kwake huku ile saa ndogo ya kupimia mikate, aliyopewa na shule siku ya kustaafu, inahesabu mezani. Mara ya kwanza ilimlilia akiwa bado kwenye habari za Armand. Akamkata Armand. Mara ya nne akamaliza kabla haijalia.

Nilimpeleka mimi, barabara zikiwa tope mpaka kwenye ekseli, maana theluji ilikuwa ndiyo inayeyuka. Tuliambiwa saa tatu asubuhi. Saa tatu ikawa saa tano, saa tano ikawa saa nane mchana. Wabunge wetu hawana ofisi, kwa hiyo ukimtaka mmoja unamvizia kwenye mgahawa wa Bunge. Tulimkuta Dwight anakula.

"Njegere bado huli," Claudette alimwambia, akiangalia ukingo wa sahani.

"Bi Claudette. Karibu ukae."

"Sikukaa miaka thelathini na mmoja, sitaanza leo. Utaupigia kura ya ndiyo?"

"Nafuu naiunga mkono. La shule ndilo gumu. Nikisema ndiyo Marnie ananila, nikisema hapana wewe unanila."

"Basi amua nani ana meno zaidi."

"Suala hili linahitaji muda, mama yangu."

"Wewe unao. Mimi nina sabini na sita."

Hatimaye wakamwita. Alikaa kwenye kiti cha mwisho cha meza ndefu ya kamati, akavaa miwani, akasoma. Alisoma vizuri. Alisema hakumbuki siku aliyokataa kulipia shule, kwamba anachoomba ni kubaki karibu nayo. Wajumbe wawili walikuwa wanaandika. Mmoja alikuwa na simu chini ya meza, akidhani hatumwoni. Mwenyekiti akasema, "Tunakushukuru kwa ushuhuda wako," na kabla Claudette hajavua miwani alikuwa amekwisha kumwita mwingine. Hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Nilitoka nimekunja ngumi mfukoni kama mtoto.

Tukapanda gari, tukatoka mjini. "Watoto wa chekechea," alisema, "hata anayechukia chakula anakutazama ukimpakulia."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwezi wa tano ukapita. Muuza kuni akaacha kupiga simu. Neil akapiga kuuliza kama aanze kupaka rangi kile chumba. Kisha katikati ya mwezi wa sita, tulipokwisha kata tamaa, muswada ukapita, umekatwakatwa. La kuunganisha shule likapelekwa kwa kamati nyingine ilichunguze miaka miwili zaidi. Nafuu ya wazee ikapita yote. Mimi nikapata shule yangu, naye akapata nyumba yake. Alimpigia muuza kuni siku hiyohiyo, na malori mawili yakamwaga mlima wa kuni uani. Marnie Pelkey alikuja na mapacha kusaidia kupanga, akala sahani mbili za maharage. Claudette alizichukua zile sahani tupu akazitazama, akatabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu vile tangu mazishi ya Armand.

Wiki iliyofuata tukaenda ofisi ya mji kuomba nafuu. Kwetu kila majira ya machipuko mwenye nyumba hujaza fomu ya kusema: hapa ndipo ninapoishi. Ukichelewa unatozwa faini kidogo, basi. Fomu hizo alikuwa anazijaza Armand, na Claudette alijua tu kwamba zipo. Karani wetu Hollis aliichukua, akafungua daftari kubwa la hati, akalifunga, akalifungua tena.

"Bi Claudette, siwezi kuipokea. Nyumba si yako."

"Ni ya nani?"

"Ya Neil."

Nikakumbuka, na yeye akakumbuka. Miaka sita nyuma kaka yake Armand aliingia nyumba ya kutunzia wazee, na gharama zake zikaila nyumba yake mpaka paa. Barabara yetu nzima ikaingiwa na hofu. Nusu ya wazee ninaowajua walikwenda kwa mwanasheria kuwaandikia watoto nyumba mapema, zisije zikachukuliwa kulipia matunzo. Mwanasheria alimwambia Armand kuna karatasi ndefu, inayompa mtoto nyumba lakini inawaachia wazee haki ya kuishi humo mpaka kufa, na kuna karatasi fupi. Armand alikuwa ameacha ng'ombe hawajakamuliwa. Alisema fupi inatosha, si ni Neil.

"Toka siku ile," Hollis alisema, sauti imeshuka, "nyumba inahesabiwa ya mtu wa nje, ambaye kodi yake ni ya juu zaidi. Mmekuwa mkitozwa kama hao wa Boston wanaokuja kuteleza kwenye theluji."

"Na wewe ulijua?" nilimuuliza.

"Bili ina jina la Neil, juu kabisa. Nilidhani wanaelewa."

Claudette alikuwa hasomi sehemu ya juu ya bili. Alisoma chini, penye jumla, halafu alilaani Bunge. Mji mzima ulikuwa unalaani Bunge, kwa hiyo hakuona ajabu. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi miaka sita tulikuwa tunakitafuta nguoni mwa Dwight Thayer. Nilitaka kumlaumu mtu kwa nguvu zangu zote, na aliyekuwepo wa kulaumiwa alikuwa kaburini.

Dawa ilikuwepo, tena nyepesi. Neil aandike karatasi moja kumrudishia mama yake nyumba. Claudette alimpigia jioni ile, mimi nikiwa mezani, simu imefunguliwa sauti ili nisikie kama shahidi.

"Mama, si kwamba nakataa," Neil alisema. "Ila nyumba ikirudi kwako, halafu ukaumwa, si itakwenda kama ya baba mkubwa?"

"Huenda. Na isiporudi, kodi itanitoa mwaka huu. Niumwe basi nikiwa kwangu."

"Inabidi niongee na mwanasheria. Na mke wangu. Gwen ana mipango yake kuhusu hiyo nyumba."

"Mipango gani?"

"Tunalipima, Mama. Suala hili linahitaji muda."

Nilimwangalia Claudette, naye akaniangalia. Aliivuta ile saa ya mikate, akaizungusha, akaiweka mbele ya simu.

"Bungeni walinipa dakika mbili, Neil, na sikuwa na undugu nao. Na wewe nakupa mbili. Sema kama utaiandika hiyo karatasi."

Saa ikaanza kuhesabu. Neil alieleza habari za paa linalovuja. Alieleza bei za nyumba zinavyopanda. Alisema anampenda, na naamini anampenda. Alisema kile chumba wameshakipaka rangi, na alikuwa bado kwenye habari ya rangi saa ilipolia. Neno la ndiyo halikuwemo, wala la hapana.

"Tunakushukuru kwa ushuhuda wako," Claudette alisema, akakata simu.

Akatoka uani. Bado kulikuwa na mwanga, na lundo la pili la kuni halijaguswa. Alianza kupanga, pande moja juu ya jingine, gome juu, kama tunavyofanya. Nilisimama kama mjinga. Nikamuuliza sasa hizi kuni tunampangia nani.

"Mwenye nyumba," alisema. "Anayeishi humu. Lete hilo kubwa."