Mdogo Wangu Aliwasha Mjadala kwa Jina Langu

Habari zenu wana ukurasa. Admin, asante kwa kunificha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina mume na watoto, nakaa Bwera na nauza vitenge soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Jina langu naliandika tu, Masika, kwa sababu huku kwetu halimfichui mtu. Kila binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Biira. Ukiita Masika sokoni, nusu ya wanawake watageuka. Hivyo ndivyo nilivyodhani, na ndivyo alivyodhani mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye Biira. Ana saluni Kasese mjini, na ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wadogo. Wamo watu wa Kasese na Bwera, wenye maduka wa Ibanda, wauza samaki wa Katunguru, mpaka wamama wanaovuka kutoka Kongo. Kundi lilikuwa limelala fofofo. Huyu anatupia picha ya viatu, yule anatupia maua na "siku njema", basi. Biira alitaka watu wazungumze, wafundishane. Alikuwa ananipigia simu kulalamika kwamba ameuliza swali tangu asubuhi na hakuna hata mmoja aliyejibu.

Ndipo akapata ujanja. Akaacha maswali, akaanza visa. Anatunga mtu, anamtungia shida ya biashara, anamalizia na "wewe ungefanyaje?" Hakusema kwamba anatunga. Watu wakaamka! Mwenye duka la dawa za mifugo anabishana na mwenye bodaboda, wanataniana, wanapeana wateja. Hata mimi nilipata wateja wa Ibanda humo, sitawadanganya. Biira akanifanya msimamizi wa pili, nikajiona mtu.

Sasa sikieni. Asubuhi moja akaweka kisa cha Masika anayeuza vitenge mpakani. Mwenzake wa Kongo humletea mzigo na kumfungulia yeye kwanza achague, ila Masika ameanza kushuku kwamba mzigo hufunguliwa kwanza kwa mwingine, yeye analetewa mabaki. Je, amwache huyo mama, aende mwenyewe kununua Butembo, huko Kongo?

Jamani, mimi nina mwenzangu wa Kongo. Ni Mama Kahindo wa Butembo, mama wa ubatizo wa mtoto wangu wa mwisho. Tangu nianze biashara anafungua mzigo kwenye meza yangu kwanza. Mitindo mipya inaonekana kwangu kabla ya kwa mtu mwingine yeyote, na hiyo ndiyo inayonilisha. Na yeye yumo kwenye lile kundi.

Nilimpigia Biira palepale. Akasema ametunga tu, jina la Masika amelichukua kwa kuwa kila nyumba ina Masika wake. Nikamuuliza, wewe Biira ukisema Masika, watu watamfikiria nani kama si dada yako? Hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Wakati huo majibu yalikuwa yanamiminika kundini: mwache huyo, watu wa ng'ambo ni wajanja, na mmoja akaandika kwamba vitenge vya Masika aliviona kwa muuzaji mwingine kabla havijafika kwa Masika.

Neno hilo liliniingia. Siku ya soko Mama Kahindo alipofika nilimkaribisha vizuri, lakini macho yangu yakaenda kwenye kamba ya mzigo. Mkono nao ukafuata. Nikawa nageuza fundo nione kama limefungwa upya. Akaniona.

Aliweka kiganja juu ya mzigo, akasema taratibu, "Masika, kama uko na neno na miye, mulango yangu unaijua. Weye umeenda kuambia batu."

Nikajieleza kwamba ni Biira, kwamba ni hadithi tu. Akaniuliza, "Biira hauzishake bitenge. Hii maneno ya kufungua muzigo alitoa wapi?"

Ukweli ni kwamba Biira aliyasikia kwenye meza yangu, akija kunitembelea. Mama Kahindo akaniambia kama ni uongo, basi usemwe ni uongo palepale uliposemwa. Akajitwika mzigo bila kuufungua, akaenda zake.

Nimembembeleza Biira akiri kundini. Analia. Anasema akikiri kisa hiki, watauliza na vile vingine, wataondoka wote, naye ataitwa mwongo mji mzima. Anataka niyamalize kimyakimya na Mama Kahindo. Mume wangu naye anasema nisimwaibishe mtoto wa mama yangu kwa ajili ya mzigo. Kwake yeye ni mzigo tu, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Mimi ni msimamizi, naweza kuandika mwenyewe. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Mezani nimebaki na mitindo ya zamani, wateja wanapapasa na kuondoka. Kila mama akipita na mzigo kichwani nasimama, kisha nakaa. Mtoto anauliza mama yake wa ubatizo haji kwa nini, namwambia ana safari.

Na kuna jambo sijamwambia hata Biira. Akikiri leo, kisa kitakuwa chake na aibu itakuwa yake. Lakini kamba niliigeuza mimi. Nimemjua yule mama miaka yote hii, na maneno ya mtu nisiyemjua hata sura yalitosha kuupeleka mkono wangu pale.

Kesho ni siku ya soko. Niandike ukweli kundini nimvue nguo mdogo wangu, au ninyamaze nimpoteze Mama Kahindo? Na ninyi mnaojua kuomba msamaha, nifundisheni: akiniuliza kwa nini niligusa ile kamba, nimjibu nini?